Mgonjwa wa Chumba cha Pili

Mjomba alikuwa ameshakufa mara mbili tangu muhula uanze, na mara zote mbili aliwahi nyumbani chakula cha jioni. Kazi yake ilikuwa kuugua. Chuo cha udaktari kilimwajiri awe mgonjwa wa kuigiza: avae gauni la hospitali lisilofunga vizuri mgongoni, alale kitandani, na wanafunzi waingie mmoja mmoja kumhoji huku mtahini amekaa pembeni akiwapa alama. Leo ana vidonda vya tumbo, kesho amefiwa, keshokutwa amemeza dawa za mkewe akidhani ni zake. Mtaani walimbandika jina la Mahututi. Alilipokea kwa heshima zote, kama kiranja aliyekabidhiwa filimbi.

Jioni ile, hata hivyo, Mahututi alikuwa hana raha kabisa. Alikaa kwenye kiti cha saluni ya dada yake, kile cha kuoshea nywele, kichwa amekilaza kwenye beseni kama anayesubiri hukumu.

"Nimeapa, Dada. Nimeweka sahihi. Siwezi kumwambia mtoto kitu."

"Nani kakwambia umwambie?" Mama alikuwa anafagia nywele za mteja wa mwisho. "Nimekwambia ufanye mazoezi. Mazoezi nayo ni siri? Kesho si unakwenda kazini?"

"Nakwenda."

"Basi fanya mazoezi. Na usinong'one kama mwizi. Kule unanong'ona?"

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kati yake na chumba cha ndani palikuwa na pazia tu, na nyuma ya pazia hilo alikaa binti wa Mama, mpwa wa Mahututi, na kitabu mapajani. Mtaa mzima ulimwita Dokta tangu siku aliyoanza chuo. Wateja walikuwa wakimwonyesha magoti, ndimi na vipele huku vichwa vyao vimejaa povu, naye alikuwa akitazama na kusema, "Mmh," kwa sauti nzito. Hiyo "mmh" ilikuwa imemletea Mama wateja wengi kuliko bango la nje.

Kesho yake Dokta alikuwa na mtihani wa weledi, na ulikuwa wa kurudia. Weledi, kwa faida ya wasiobahatika kuusomea, haupimi kama unajua ini liko upande gani. Unapima kama mtu anaweza kukukabidhi ini lake akaenda kulala. Wanafunzi huudharau mpaka uwaangushe. Yeye ulimwangusha wodini. Asubuhi moja alitumwa kupima presha za wagonjwa, mashine ikaazimwa na wodi ya jirani, na daktari mkubwa alikuwa njiani anakuja na msafara wake. Mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa amelala vizuri. Presha yake ya jana ilikuwa nzuri vilevile. Dokta aliinakili jana akaiita leo.

Muuguzi mkuu alipompima mzee muda mfupi baadaye, presha ilikuwa imeshuka hadi mahali pa kukimbizana. Mzee alipona. Lakini muuguzi mkuu aliinua ile chati mbele ya wanafunzi wote, mbele ya wagonjwa, mbele ya mfagizi na ndoo yake, akauliza kwa upole wa kutisha: "Binti, hii uliipima kwa macho au kwa moyo?" Kwenye safu ya weledi akaandikiwa neno moja: hairidhishi. Alipewa nafasi moja ya kurudia. Akianguka tena, anafutwa chuo, na miaka yote ile inabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wateja wa saluni.

"Haya," ilisikika sauti ya Mama. "Mimi ndiye daktari. Unaumwa nini wewe?"

"Siumwi. Nimeletwa na mke wangu."

"Mkeo ana akili."

"Dada! Daktari hasemi hivyo."

"Endelea."

Mahututi alikohoa, na aliyeendelea hakuwa Mahututi tena. Alikuwa dereva wa lori, mtu mkavu, mwenye haraka, aliyesema kwamba alianguka tu siku moja kwa uchovu, na anachotaka ni cheti cha kurudi kazini. Alisema hivyo huku mkono mmoja ameuficha mfukoni.

"Sasa hapa ndipo penyewe," akajieleza kwa sauti yake ya kawaida. "Mwanafunzi akiuliza huu mkono una nini, namfungulia moyo. Niliungua na birika nilipoanguka kifafa. Na kifafa kilishanishika hata nikiwa kwenye usukani, nikaponea chupuchupu. Asipouliza mkono, nanuna mpaka kengele."

"Halafu?"

"Halafu namwomba aandike ni uchovu. Nalia. Nina watoto. Wengi hapo wanalegea."

"Na anayetakiwa kupita anafanyaje?"

"Hilo sijaambiwa, Dada. Hilo liko kwa mtahini."

"Haidhuru. Rudia hapo kwenye mkono. Kwa sauti."

Nyuma ya pazia Dokta angeweza kukohoa. Angeweza kuziba masikio, au kutoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Badala yake aliacha kufunua kurasa, ili karatasi isipige kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, na Mahututi aliporudia, akasikiliza tena.

Mama alifunua pazia, ufagio mkononi.

"Unasoma?"

"Nasoma."

"Soma, mwanangu."

Walitazamana. Walikuwa watu wawili waliokuwa hawajasema lolote, na walikuwa tayari kuapa hivyo popote.

Baadaye Dokta alimkuta mjomba wake uani anasugua viatu vya kazini.

"Mjomba, uliwaambia chuoni kwamba mimi ni mpwa wako?"

"Waliuliza kama nina mke au mtoto anayesoma pale. Nikasema sina. Ninaye?"

"Mjomba."

"Ningesema wangenitoa. Na gesi ya kupikia hapa ananunua nani?" Akatemea kiatu mate, akasugua. "Lakini nisikilize. Vyumba ni viwili, wagonjwa wawili, ugonjwa mmoja. Namba yako inakupeleka cha pili. Mimi niko cha kwanza. Hutaniona. Utamkuta mwenzangu, yule mnene, anaigiza kama mtu anayesoma tangazo la maji. Kwa hiyo hakuna ubaya."

"Hakuna ubaya," Dokta alisema, akashangaa jinsi maneno hayo yalivyotoka bila kukwama.

*

Asubuhi Mama alipiga pasi koti jeupe. Lilikuwa la mtumba, na mwenye nalo wa kwanza alikuwa ameacha doa la wino mfukoni, ambalo Mama alilifunika kwa kiraka cheupe kilichong'aa kuliko koti lenyewe. Mteja wa mapema, mwenye duka la viatu, alikuwa tayari kitini na taulo shingoni.

"Mama Dokta, leo ndiyo leo?"

"Leo ndiyo leo."

"Dokta, kabla hujaondoka, hebu nitazame hapa nyuma ya sikio."

Dokta alitazama. "Mmh," alisema. Lakini sauti ilikuwa nyembamba, na mwenye duka la viatu aligeuka kumwangalia kwa wasiwasi, kama mtu aliyeambiwa ana miezi michache.

Waliondoka nyumbani mmoja mmoja, yeye na mjomba wake, kwa sababu haifai mwanafunzi kuonekana na mgonjwa wake. Mahututi alitembea ng'ambo ya barabara, amevuta kofia hadi kwenye nyusi, na kwa kuwa alikuwa mwigizaji, aliigiza mtu asiyemjua mtu. Aliigiza kwa bidii mpaka wapita njia wakawa wanamgeukia. Kwenye lango la chuo alimpita Dokta na kumwamkia askari mlinzi kwa sauti ya mgeni kabisa. Siku nyingine Dokta angecheka.

*

Waliorudia walikuwa wachache, wamepangwa ukutani kwenye korido kama waliochelewa gwaride. Kila mmoja alijifanya amekuja kwa bahati mbaya. Mratibu wa mitihani, mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiipiga, alisimama mbele yao.

"Kengele ya kwanza, unasoma maelezo mlangoni. Kengele ya pili, unaingia. Ya tatu, umekwisha, hata kama uko katikati ya neno. Mgonjwa hatoki kwenye uigizaji mpaka kengele ya tatu, hata jengo likiwaka moto. Mnaelewa?"

"Tunaelewa."

"Kuna yeyote anayejua chochote kuhusu wagonjwa wa leo? Aliyeambiwa, aliyesikia, aliyeota?"

Wengine walicheka. Dokta aliangalia vidole vya viatu vyake. Alihisi jibu limefika kooni, limekaa pale, limekunja nne.

"Safi," alisema mratibu. Kisha akaongeza, akipekua karatasi zake: "Kuna badiliko dogo. Mgonjwa wa chumba cha pili ameumwa kweli, amerudishwa nyumbani. Kwa hiyo yule wa cha kwanza atahamia cha pili, na cha kwanza tumepata mwingine. Halibadilishi kitu kwenu."

Kengele ya kwanza ililia.

Dokta alisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, na kila sentensi aliijua kabla hajaifikia. Mwanamume, dereva. Ameanguka kazini. Anaomba cheti. Zungumza naye. Alisoma mpaka chini, akaanza tena juu, akiomba kwamba safari hii karatasi iseme ni mjamzito.

Kengele ya pili.

Mahututi alikuwa kitandani, mgongo ameuegemeza ukutani, mkono mmoja kwenye mfuko wa gauni. Macho yao yalikutana, na kitu fulani kilipita usoni mwake, kidogo na haraka, kama panya anayekatiza sebule. Kisha uso ukafunga. Aliyebaki pale ni dereva wa lori mwenye haraka zake.

Pembeni, nyuma ya meza ndogo, alikaa profesa ambaye wanafunzi walimwita Sanamu. Hatikisi kichwa, hatabasamu, hakunji uso. Ilisemekana mwanafunzi mmoja aliwahi kuzimia mbele yake, naye akaandika tu saa.

"Habari ya asubuhi," alisema Dokta. Alinawa mikono, akavuta kiti, akakaa usawa wa macho ya mgonjwa kama walivyofundishwa. "Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Naweza kuzungumza nawe kidogo?"

"Mradi iwe kidogo kweli. Nina lori linanisubiri."

"Nini kimekuleta?"

"Mke wangu."

Alikuwa mzuri, Mahututi. Pale saluni alikuwa ameigiza nusu tu. Hapa hata jasho alikuwa nalo. Dokta aliuliza kuhusu kuanguka, akajibiwa kwa mkato. Akauliza kuhusu usingizi, chakula, pombe. Kila swali lilitoka kwenye mstari wake, taratibu, na kila jibu alilijua. Nyuma yake alisikia kalamu ya Sanamu ikikwaruza karatasi, na kalamu ya Sanamu haikwaruzi kwa mtu anayeanguka. Alama zilikuwa zinaingia, alizihisi mgongoni kama jua.

Ikabaki mkono.

Ulikuwa pale, mfukoni, dhahiri kama mlango. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: naomba nione mkono wako. Ndipo Dokta akajiuliza swali ambalo laiti angelijiuliza baada ya mtihani. Je, mkono huu ameuona? Kama angeingia hapa bila kujua lolote, angeuona? Alijaribu kuutazama kama mgeni, akashindwa. Hakujua kama anauona kwa macho yake au anausikia kutoka nyuma ya pazia. Na wala hatajua kamwe, na Sanamu naye hatajua, na karatasi ile itasema kwamba mwanafunzi huyu huona mikono iliyofichwa.

Mzee wa kitanda cha dirishani naye alikuwa amelala vizuri hivyohivyo.

"Dokta?" alisema dereva wa lori. "Umemaliza? Mbona umeganda?" Na kwa kuwa alikuwa mjomba kabla hajawa dereva, aliusogeza mkono kidogo ndani ya mfuko, ukaonekana zaidi.

Dokta alisimama, akamgeukia Sanamu.

"Profesa, naomba kusimamisha. Huyu ni mjomba wangu. Nimesikia ugonjwa wake wote jana nyumbani."

Sanamu hakutikisika. Alimtazama Dokta, akatazama karatasi ya mchezo iliyo mbele yake, kana kwamba anatafuta kama jambo hili limo.

"Mjomba gani?" alifoka dereva wa lori. "Mimi huyu binti simjui! Mnaniletea wanafunzi wendawazimu? Nimekuja kuchukua cheti mimi!"

"Mjomba, acha."

"Niache nini? Mimi ni dereva, miaka yote sijapata ajali!"

"Mjomba, nakuomba."

"Profesa, mwambie aniandikie uchovu, niende zangu!" Akaanza kulia. Alilia vizuri sana. Machozi yalikuja kweli, yakamfika kidevuni, na Dokta alishindwa kujua anayelia ni nani, dereva au Mahututi, na kama ni Mahututi, analilia nini. Kengele ya tatu ilikuwa bado. Sheria ilisema hata jengo likiwaka moto, na jengo lilikuwa linawaka.

Sanamu aliweka kalamu chini. "Rudi ukae," alisema.

"Nikae niendelee na mtihani?"

"Ukae. Muda haujaisha."

Wakakaa wote watatu. Dereva wa lori alipenga kamasi kwa ncha ya gauni. Dokta aliweka mikono magotini. Sasa hakuna aliyekuwa mgonjwa, hakuna aliyekuwa daktari. Kulikuwa na watu waliosubiri kengele kama mabweni yanavyosubiri taa zizimwe.

Ikalia.

Mahututi alivuta pumzi, na dereva wa lori akamtoka mwilini. Aliyebaki alikuwa mdogo kuliko yeye. Alijaribu kuvuta gauni lake limfunike mgongo.

"Ni kweli?" aliuliza Sanamu.

Hapo angeweza kukana. Dokta aliliona hilo, na Sanamu aliliona pia. Neno la mwanafunzi aliyewahi kuandika uongo, dhidi ya neno la mgonjwa bora wa chuo.

"Ni kweli," alisema Mahututi. "Nimembeba mgongoni huyu, akinikojolea shati. Mazoezi nilifanyia nyumbani. Nyumba yetu ni ndogo." Hakumtaja dada yake.

"Mimi ningeweza kutoka nje," alisema Dokta. "Sikutoka. Nilisikiliza."

"Mratibu aliuliza pale koridoni. Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi."

Sanamu aliichukua ile karatasi ya alama, iliyojaa nusu, akaikata kwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

"Sikiliza vizuri, usije ukajidanganya," alisema. "Hakuna alama kwa ulichofanya. Karatasi hii haina mahali pa kuiweka. Na kuchelewa kwako kusema nitakuandika. Kamati itaamua kama unapewa mtihani mwingine au unakwenda nyumbani. Toka."

Koridoni mratibu alimdai Mahututi gauni na kitambulisho palepale, mbele ya wanafunzi wote. Kamba ya kitambulisho ilinasa sikioni, ikabidi mratibu amsaidie kuinasua, na kwa muda walisimama hivyo, mmoja ameinamisha kichwa, mwingine anahangaika na sikio, kama mtoto anayevalishwa. Mahututi aliwageukia wanafunzi waliokuwa wanatazama.

"Mgonjwa karuhusiwa," aliwaambia. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilimuumiza kuliko gauni.

Safari hii walirudi upande mmoja wa barabara. Hakukuwa na sababu ya kutofahamiana.

*

"Ulimtaja?" Mama alikuwa amefunga mlango wa saluni mchana kweupe, jambo lisilotokea hata kwenye misiba. "Mtu amekubeba, amekulisha, wewe unamnyooshea kidole mbele ya profesa?"

"Mama, hukuwepo."

"Sikuwepo! Nilikuwa hapa, miguu imevimba, nikimwambia kila anayeingia kwamba mwanangu leo anamaliza. Sasa niwaambie nini? Kwamba mwanangu ni mkweli? Ukweli unapikiwa kwenye jiko gani? Gesi ataleta nani?"

"Dada, mwache," alisema Mahututi kutoka kwenye kiti cha beseni. "Hata mimi leo sikuwa vizuri. Nililia mapema mno."

"Wewe nyamaza! Na wewe ulishindwa nini kukana?"

"Kengele ilikuwa imeshalia."

Dokta alizungumza akiwa ameangalia sakafu iliyofagiliwa.

"Yule mzee wa dirishani, Mama. Nilimwandikia presha ya jana. Kila aliyesoma ile chati alimwona mzima, wakampita. Leo ningenyamaza, mimi ndiye ningekuwa ile chati. Wangenisoma mzima, wakanipitisha." Alisita. "Halafu wangeniletea watu."

Mama alichukua kitana, akakipiga kwenye kiganja, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu.

"Kaa hapa."

"Mama?"

"Nimesema kaa. Unakwenda mbele ya kamati na kichwa hicho? Watadhani umetoka msituni."

Alimsuka kwa hasira. Alivuta nywele kana kwamba kila msuko una jina la mtu, na Dokta, aliyekuwa amekabiliana na Sanamu, hakuthubutu kusema "aah". Mahututi alifuatilia kwa macho, akipapasa kichwa chake mwenyewe kwa huruma. Alipomaliza msuko wa mwisho, Mama alishika kichwa cha mwanawe kwa mikono yote miwili, akakikandamiza kidogo, kama anayejaribu kuona kama kimekaa sawasawa.

"Nilimwambia arudie kwa sauti," alisema. "Hilo ulilisema kule?"

"Hapana."

"Wala yeye?"

"Wala yeye."

"Mmh," alisema Mama. Ilikuwa nzito kuliko ya Dokta siku zote.

*

Kamati ilikaa bila haraka, kama kamati zote, na wakati huo Dokta hakula wala hakulala inavyostahili. Uamuzi ulipotoka, ulikuwa na onyo kali ndani ya faili lake, na nafasi moja tu, ya mwisho, kwa mgonjwa asiyemjua na ugonjwa asioujua. Alimkuta bibi mkali aliyekataa kuvuliwa soksi. Alimkosea mara mbili, akamwomba radhi mara mbili, na mtahini alikuwa Sanamu yuleyule. Matokeo yalibandikwa ubaoni. Hayakusema hodari wala bora. Yalisema: inaridhisha. Mama aliliandika neno hilo kwa rangi ya kucha kwenye kona ya kioo cha saluni, na wateja walipouliza maana yake, aliwajibu kwamba ni cheo.

Mahututi hakurudishwa chuoni. Sasa alikuwa anaosha nywele kwenye lile beseni alilokuwa akiegemeza kichwa chake, na wateja, badala ya magazeti, walimwomba awaugulie. Aliwaugulia. Lakini alikuwa amepungua kidogo, na akipanda ngazi fupi ya kuingilia saluni alisimama katikati akijifanya anatazama mawingu.

Dokta aliliona hilo. Alikuwa na hakika kwamba ameliona kwa macho yake mwenyewe, maana hakuna aliyemwambia. Jioni moja alikuja na mashine ya presha aliyoiazima kwa muuguzi mkuu, tena kwa kuandikiana, akamkalisha mjomba wake na kumfunga kitambaa mkononi.

"Kelele zote hizi za nini?" alisema mwenye duka la viatu kutoka chini ya povu. "Dokta, si umwangalie tu useme mmh?"

Dokta alipiga pampu, akaachia hewa polepole, akasikiliza. Uso wake haukusema kitu. Alikuwa ameanza kufanana na Sanamu.

"Nzuri?" aliuliza Mahututi.

"Si nzuri."

Mahututi alimtazama dada yake, aliyekuwa ameacha kusuka, kitana hewani. Akatazama wateja. Akaweka lile tabasamu lake la jukwaani.

"Wewe nawe. Hebu andika ile ya jana, watu wasituharibie jioni."

"Jana sikukupima," alisema Dokta, akakaza kitambaa na kuanza tena.